Haizikwi Bila Kusimuliwa

Helen Lamwaka anaudhi. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi watu wakisikia habari zake humgeuza malaika, na mimi niliyekaa naye meza moja kwa miaka siwezi kuwaacha wadanganyike. Ukimwuliza swali, anakujibu kwa swali. Ukimharakisha, ndiyo kwanza anapunguza mwendo. Chai yake huiacha ipoe mpaka ifanane na maji ya kuoshea vikombe, ndipo aanze kuinywa. Na bado, kama kuna mtu mmoja katika Kampala nzima ambaye ningemwachia funguo za nyumba yangu na siri za ukoo wangu, ni yeye. Sasa meza ile nakaa peke yangu.

Ofisi yetu iko Kamwokya, juu ya duka la spika, kwa hiyo sakafu hutetemeka kwa muziki kutwa na miguu yako hucheza hata siku ambayo moyo hautaki. Kazi yetu ni oksijeni. Zahanati ndogo hazina mtambo wa kutengeneza hewa hiyo, basi muuguzi anapoona mgonjwa anahangaika na pumzi, anaagiza mtungi kwa simu yake, oda inaingia kwenye mfumo wetu, na dereva aliye karibu anaupeleka. Mwenye kampuni ni Madam Reine, mama wa Bukavu aliyekuja Kampala na mabegi mawili na hasira ya kutafuta maisha. Mimi, Nabilah, natengeneza ile sehemu ya simu ambayo wauguzi wanaiona. Helen alikuwa anatunza kile wasichokiona.

Kile wasichokiona ni hivi. Programu zetu haziishi katika kompyuta moja. Zimegawanywa vipande vipande, kila kipande ndani ya kifuko chake kiitwacho podi, na podi hizo zimetawanywa kwenye kundi la kompyuta zilizo mbali, ambazo sisi hatujawahi kuziona kwa macho. Juu yao kuna msimamizi, Kubernetes, ambaye kazi yake ni kuhesabu: akiona podi moja imekufa, anazaa nyingine hapo hapo. Sisi huongea naye kwa maandishi tu, kwenye dirisha jeusi, kwa amri zinazoanza na neno kubectl.

Sasa, podi ikiugua, mafundi wengi tuna dawa moja. Unaandika `kubectl delete pod` na jina lake, inafutwa, msimamizi anazaa nyingine yenye afya, unarudi kunywa chai yako. Mimi nilikuwa hodari wa dawa hiyo. Kwetu Wanubi maiti hacheleweshwi. Mtu akifariki alfajiri, alasiri kashawekwa kaburini, na kumweka zaidi ya hapo ni kumtesa. Nilimwambia Helen siku moja kwamba na podi nazika hivyo hivyo, kwa kufuata dini.

Hakucheka. Alisema, "Wewe unazika mtu haujauliza nini ilimuua?"

"Helen, hii ni programu. Haina mama."

"Kesho itakufa ingine. Na kesho kutwa. Na wewe utakuwa unazika tu."

Ili uelewe kwa nini hakucheka, lazima ujue alikotoka. Helen ni Mwacholi, mzaliwa wa kambi ya polisi. Baba yake alikuwa mtu wa redio za mawasiliano. Huku kwetu Uganda, hasa kwa majirani zetu wasio Waislamu, maiti haitoki nyumbani mpaka mtu wa familia asimame mbele ya watu aeleze ugonjwa: ulianza lini, walimpeleka wapi, daktari alisema nini, marehemu mwenyewe alitamka nini mwishoni. Inaweza kuchukua saa nzima chini ya jua na hakuna anayenung'unika. Baba yake Helen alifia kazini, mbali. Jeneza lililetwa limepigwa misumari, na ofisa aliyelileta akasema lisifunguliwe. "Ajali ya kazi," ndiyo maneno pekee waliyopewa. Ulipofika wakati wa kusimulia, hakuna aliyesimama, kwa sababu hakuna aliyejua chochote. Wakaimba, wakazika. Mpaka leo mama yake akimwona mtu mwenye sare humsogelea kumwuliza kama aliwahi kufanya kazi na mumewe.

Aliniambia haya akiwa anatazama dirisha lake jeusi, bila kunigeukia, na mimi niliona haya kwa mzaha wangu.

Basi yeye alikuwa na utaratibu, na alitusumbua nao wote. Kabla ya kugusa chochote anauliza yuko wapi: `kubectl config current-context`. Tuna makundi mawili ya kompyuta, la majaribio na la kazi halisi, na kwenye dirisha jeusi yanafanana kama pacha. Fundi asiyeuliza anaweza kubomoa la kazi akidhani anacheza kwenye la majaribio. Alisema baba yake naye alikuwa haanzi kuongea redioni kabla ya kutaja kituo chake. Kisha anaorodhesha podi kwa `kubectl get pods`, na hapo macho yake hayatafuti zile zilizoandikwa zimeanguka, hizo hata kipofu ataziona. Anatazama safu ya RESTARTS, inayoonyesha podi imekufa na kufufuka mara ngapi. Podi inaweza kukutazama kwa uso mkavu, imeandikwa iko salama, kumbe asubuhi ilikata roho.

Na podi iliyofufuka ina jambo moja ambalo wengi hawalijui au wanalipuuza. Programu inapofanya kazi huandika maneno yake, tunayaita logi. Ukiuliza `kubectl logs` utapata maneno ya huyu aliye hai. Lakini ukiongeza `--previous`, unapewa maneno ya yule aliyekufa kabla yake. Yule mmoja tu, wa mwisho. Ikifa tena, yanafunikwa na mapya. Ukifuta podi, yote yanakwenda nayo. Helen alikuwa akisema podi yoyote inayo haki ya kusikilizwa maneno yake ya mwisho, na akisema hivyo sisi tulikuwa tunakonyezana.

Siku yenyewe ilikuwa katika wiki za mafua mabaya, wodi zimejaa vifua, oda zinaingia kama mvua ya Aprili. Adhuhuri simu yangu ikalia. Alikuwa Sista Babra, muuguzi wa zahanati moja upande wa Lubaga, ambaye huniita shoga yake ingawa hatujawahi kukaa pamoja.

"Nabilah, mtungi yangu iko wapi?"

"Mtungi gani, Sista?"

"Ile niliomba asubuhi. Simu yako ilisema imepokelewa. Nikangoja. Mzee Okeny amekufa, Nabilah. Nimemshika mkono nikimwambia hewa inakuja."

Nilitafuta oda ile kwenye hifadhi yetu. Haikuwepo. Nilitafuta kwa jina la zahanati, kwa jina lake, kwa namba ya simu. Zilikuwepo oda zake za jana na za juzi. Ya asubuhi ile haikuwepo. Nilimwambia, na upande wa pili ikaja sauti ndogo.

"Daktari anasema sikuomba. Anasema nimeua mtu kwa uvivu. Anataka nikaandike maelezo polisi. Bambi, nihurumie, Nabilah, mimi niliomba."

Simu yake ilikuwa imeonyesha neno "imepokelewa" kisha ukurasa ukajifunga, kama ulivyo kawaida. Hakuwa na kitu cha kuonyesha. Mtu alikuwa amekufa, na kati ya neno lake na kompyuta zetu, kila mtu angeamini kompyuta.

Nilipomaliza kumweleza Helen, Madam Reine alitoka chumbani kwake ameshika kichwa. Zahanati nyingine zilikuwa zinalalamika kwamba mfumo unakwenda pole pole.

"Helen, washa vyote upya," alisema. "Vyote. Hii shida iondoke, tuanze safi."

Si kwamba alikuwa na nia mbaya. Bado hakuwa amesikia habari ya mzee. Kuwasha upya ndiyo dawa ya kawaida, na ingefanya kazi. Podi zote za zamani zingekufa, mpya zingezaliwa, na wauguzi wangepumua. Nasi tungekuwa tumezika kabla ya kuuliza.

"Madam, ngoja kidogo," Helen akajibu.

"Ningoje nini? Watu wanalia!"

Helen alikuwa ameshauliza yuko wapi. Ameshaorodhesha. Podi za kupokea oda zilikuwa kadhaa, zote zimesimama, zote salama, na kwenye mojawapo, katika safu ya RESTARTS, ilikuwepo moja. Namba moja ndogo tu. Aliweka kidole kwenye kioo.

"Hii ilikufa asubuhi."

Nilimwona akifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Kila podi hubeba lebo, na kwa lebo hiyo msimamizi anaitambua kuwa ni yake. Helen aliiondoa lebo ya podi ile: `kubectl label pod`, jina lake, kisha `app-`, na ile alama ya kutoa mwishoni ndiyo inayobandua. Msimamizi akahesabu watu wake, akaona mmoja amepungua, akazaa mwingine. Oda mpya zikawa haziendi tena kwa ile ya zamani. Ilibaki imesimama peke yake pembeni, haina kazi wala mwenyewe, na hakuna amri ya kuwasha upya ambayo ingeifikia. Ndipo akawasha nyingine zote upya, kama Madam alivyotaka, na mfumo ukashika kasi.

"Si ungenakili logi kwenye faili tu?" nilimwuliza.

"Faili watasema niliandika mimi. Mwili wenyewe ukae. Vuta kiti, Nabilah. Nataka watu wawili tuone."

Aliandika `kubectl describe pod` na jina lake. Katika maelezo marefu yaliyotoka, palikuwa na mstari unaosema jinsi yule wa kwanza alivyokufa: OOMKilled. Maana yake ni kwamba programu ilihitaji kumbukumbu zaidi ya kikomo ilichopewa, na mfumo ukaiua hapo hapo, bila onyo. Kisha akaandika `kubectl logs` na `--previous`, na tukasoma maneno ya mwisho. Oda nyingi, nyingi mno, zikifuatana. Na karibu kabisa na mwisho, zahanati ya Lubaga, jina la Babra, mtungi mmoja, haraka, imepokelewa. Chini yake oda nyingine moja iliyokatika katikati. Halafu hakuna kitu.

Programu yetu ilikuwa inapokea oda, inajibu, inaishika kichwani kwanza, ndipo inaiandika kwenye hifadhi. Ilikuwa imemjibu Babra. Haikuwahi kuandika.

Nililia. Sioni aibu kulisema. Nililia kwa furaha ya Babra na kwa uchungu wa yule mzee, vyote vikiwa vimechanganyika, na nikamgeukia Helen nikitegemea nimwone naye amepata nafuu. Uso wake ulikuwa kama ukuta. Alikuwa anatazama mstari mwingine, ule unaotaja kikomo cha kumbukumbu.

"Hii kipimo niliweka mimi," alisema.

Alikiweka miezi kadhaa nyuma, na alikiweka kwa nia njema: programu moja yenye uroho ilikuwa imemeza kumbukumbu yote na kuangusha wenzake, naye akaipa kila podi kipimo chake, kama mama anayegawa chakula. Alipima kwa siku za kawaida. Hakupima kwa wiki ya mafua. Fundi yeyote angefanya hivyo, na nilimwambia.

"Helen, nisikie. Babra tutamsafisha. Tutaenda kwa daktari tumwonyeshe oda ilifika. Lakini hiyo ya kipimo, nani atauliza? Sema mashine iliishiwa nguvu. Si uongo."

"Ni nusu."

"Nusu inatosha!"

Alikwenda chumbani kwa Madam Reine akamweleza yote, na mlango ulikuwa mwembamba. Mwanzo nilimsikia Madam akilia, kwa sababu si mtu wa mawe. Baadaye nilimsikia akipiga simu kwa wakili, na baada ya simu ile sauti yake ilibadilika.

"Helen, tunaweza kumsaidia huyu muuguzi pole pole, kwa siri. Lakini ukienda kusema mbele ya watu, kampuni inakufa, na sisi wote tunakufa nayo. Ukienda, usirudi hapa."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na mishahara ya kulipa. Nilimwelewa Madam. Nilimwelewa na bado nilitamani kumtikisa.

Kesho yake tulikwenda Lubaga, Helen na mimi. Mzee Okeny alikuwa polisi mstaafu, na nyumba yake ilikuwa chini ya kilima, si mbali na zahanati. Turubai limefungwa uani, viti vya plastiki, wazee wenye migongo iliyonyooka ya kikambi, na Kiswahili chao kile cha amri na gwaride. Gari la kumpeleka kuzikwa kwao Kitgum lilikuwa limeshageuzwa kuelekea barabarani. Jeneza lilikuwa wazi mbele ya mlango, na mjane, Mama Filda, amekaa kando yake juu ya mkeka. Nyuma kabisa, kwenye kiti cha mwisho, peke yake, viti vya pembeni vikiwa vitupu ingawa watu wengine walikuwa wamesimama, alikaa Sista Babra. Alikuja bila kualikwa. Sijui alipata wapi moyo huo.

Kaka wa marehemu alisimama kueleza ugonjwa. Alianza na kikohozi, akaeleza dawa za nyumbani, akaeleza usiku ambao mzee hakulala, akaeleza zahanati. "Daktari alisema anahitaji oksijeni," alisema. "Alimwambia nesi aombe. Nesi hakuomba." Hakumtaja jina. Hakuhitaji, vichwa vyote viligeuka nyuma, na Babra akainamisha chake.

Helen akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Afande, naomba ruhusa. Hiyo sehemu ya mwisho mimi naijua. Naomba niongeze."

Kaka mtu alimtazama. "Wewe ni nani?"

"Naitwa Lamwaka Helen. Natoka kwa watu ya oksijeni."

Mnong'ono ukapita chini ya turubai. Alipewa nafasi, akasimama kando ya jeneza, na akasimulia. Hakutumia neno lolote la kazi yetu. Alisema Sista Babra aliomba mtungi asubuhi, na ombi lilifika. Alisema kompyuta ilimjibu kwamba imepokea, na ilikuwa kweli imepokea. Alisema siku hiyo maombi yalikuwa mengi, kompyuta ikazidiwa, ikafa nayo yakiwa kichwani mwake kabla haijaandika, na ilipofufuka haikukumbuka kitu. "Hakuna dereva aliambiwa. Sista alikuwa anangoja kitu ambayo haikuwa njiani."

Kisha akanielekeza mimi. "Huyu Nabilah ameona na macho yake." Nikasimama. Nikasema ni kweli, nimeona, na ushahidi bado upo, anayetaka tutamwonyesha.

Kaka wa marehemu alikuwa polisi pia, na aliuliza kama polisi.

"Kwa nini ilizidiwa?"

"Ilikuwa imewekewa kipimo kidogo."

"Nani aliweka hiyo kipimo?"

"Mimi," Helen akasema.

Mtu mmoja alisema neno kwa Kiacholi, neno zito, na mwingine akamshika bega. Nilitazama lango nikapima kama tungelifikia tukikimbia. Helen hakuomba msamaha. Nadhani aliona si mahali pake kumwomba mtu kitu siku ile. Alisimama tu mikono imeshuka, kama anayengoja kuambiwa aende wapi.

Mama Filda aliinuka kutoka mkekani. Alipita mbele ya Helen bila kumtazama, akapita katikati ya viti hadi nyuma kabisa, akamshika Babra mkono akamwinua. Alimwongoza mbele ya wote, akamketisha kwenye mkeka, mahali pa wanawake wa nyumba, karibu na kichwa cha mumewe.

"Kaa na sisi, mwanangu," alimwambia. Babra akajifunika uso kwa kitenge.

Ndipo mjane akamgeukia Helen. Macho yake yalikuwa makavu na hayakuwa na huruma, wala hayakuwa na chuki.

"Wewe, usikae," alisema. "Watoto yangu wengine walikuwa ndani, hawajasikia. Waiteni." Alingoja mpaka walipotoka wote, wakubwa kwa wadogo, wakapangwa mbele ya jeneza. "Sasa sema tena. Kutoka mwanzo. Pole pole."

Helen akataja jina lake, na akaanza tena.